Si Mtandao, Babu

Kila alasiri Kasuku aliporudi kutoka shuleni, alipitia kwanza kwenye chumba cha mbele, kwa Babu. Alimwamkia, akatupa mkoba wake juu ya benchi la wateja, akatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Macho ya Babu yalikuwa yamefifia. Kitambaa alikijua kwa vidole na mshono aliufuata kwa mazoea, lakini tundu la sindano lilikuwa limemshinda.

Maandishi ya simu ndiyo kabisa hayakuonekana. Kwa hiyo baada ya uzi ilifuata simu. Msichana alisoma kila kilichoandikwa, kwa sauti, neno kwa neno, hata pale palipoandikwa kwamba chaji imebaki kidogo. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kasuku, na jina lake lingine walilitumia walimu tu. Akimaliza kusoma, ujira wake ulikuwa kucheza mchezo wa kupanga rangi kwenye simu hiyo mpaka Mama atakaporudi kutoka hospitali, alikofanya kazi ya kufua mashuka.

Simu yenyewe ilikuwa kuukuu. Pembe moja ilishikiliwa na gundi ya karatasi, na mgongo wake ulikuwa umechubuka kwa kulala karibu na mkasi. Lakini Babu hakuitoa mkononi mwa mtu ovyo, kwa sababu ndani ya simu hiyo alikuwemo Bibi.

Bibi alifariki mwaka uliopita. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa miguu ya duka lao la kushona, maana mguu mmoja wa Babu ulikuwa mbovu. Wateja wasioweza kuja, kama mzazi aliyejifungua juzi, mgonjwa, au mtu asiyeweza kuiacha kazi yake, aliwafuata walipo na tepu shingoni, akawapima, kisha akamtumia Babu vipimo kwa ujumbe wa sauti. Hakupenda kuandika, na Babu hakuweza kusoma, basi mambo yakawanyookea.

"Fundi," ungemsikia Bibi akisema, kwa maana hivyo ndivyo alivyomwita mumewe, "huyu mama bega kumi na tano, kifua arobaini. Kwapani usimbane, ananyonyesha. Na wewe umekula? Usiniambie umekula chai. Chai hailiwi."

Alipokufa, wateja hawakukoma kuleta vitambaa. Babu hakuwapima upya. Alifungua programu ya kutumiana ujumbe, ile yenye alama ya kijani, akashuka kwa kidole mpaka amsikie anayemtaka, kisha akachora kwa chaki huku Bibi akimsomea inchi.

"Watu hunenepa na kukonda," Babu alikuwa akimwambia Kasuku, "kiuno nitakiongeza mwenyewe. Lakini bega la mtu alilolipima bibi yako, hakuna wa kulipinga."

Zilikuwepo siku ambazo hakukuwa na kitambaa mezani, naye bado alifungua ujumbe mmoja na kuusikiliza, mkono umetulia juu ya gurudumu la cherehani. Siku hizo Kasuku alijua kunyamaza.

Basi alasiri moja, katikati ya kusoma, simu ikalia na maandishi yakajitokeza kwenye kioo. Yalisema kwamba kuanzia mwezi ujao programu ya ujumbe haitafanya kazi tena kwenye simu hii, kwa kuwa simu ni ya toleo la zamani, na kwamba mwenye simu ahamishie mazungumzo yake kwenye simu nyingine. Chini yake palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Sawa".

Kasuku aliyasoma kimyamoyo, akayaelewa vizuri sana. Alielewa pia kitakachofuata. Babu angeipeleka simu kwa fundi simu siku hiyohiyo, na fundi simu alikuwa na foleni ya kutisha, simu zikilala kwake mpaka wenyewe wanasahau rangi zake. Naye Kasuku alikuwa amebakiza hatua moja tu amshinde rafiki yake wa dawati kwenye mchezo. Akabonyeza "Sawa". Maandishi yakatoweka.

"Imelia nini hiyo?" Babu akauliza.

"Tangazo tu, Babu."

"La nini?"

"La sabuni."

"Waambie tunayo," Babu akasema, akarudi kwenye mshono wake.

Maandishi yalirudi tena na tena. Kasuku akawa na jibu kila mara. Siku moja yalikuwa tangazo la rangi za nyumba, siku nyingine la dawa ya mbu. Babu alicheka, akasema simu imegeuka duka, na kama ni hivyo basi wamlipe kodi ya kibanda. Kasuku naye alicheka. Alijiambia kwamba mwezi ujao bado uko mbali, na kwamba atasema akishamaliza ile hatua moja. Aliimaliza, ikaja nyingine, ngumu zaidi.

Mwezi ujao ukafika, kama kawaida ya miezi.

Siku hiyo alimkuta Babu amekaa bila kushona. Mezani palikuwa na kitambaa cha kijivu, cha suruali ya Mwoka Mikate, yule bwana mnene wa tanuri la nyuma ya soko, ambaye Bibi alikuwa akimfuata hukohuko kwenye joto kumpima.

"Njoo, Kasuku," Babu akasema. "Bibi yako amegoma leo. Nabonyeza, nabonyeza, hasemi."

Kwenye kioo paliandikwa kwamba toleo hili limekwisha muda wake, mwenye simu asasishe programu. Kasuku aliyasoma mara mbili. Hapo bado ilikuwepo nafasi ya kusema kweli. Lakini mdomo wake ukamtangulia.

"Ni mtandao tu, Babu. Nipe niirekebishe."

Akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. Akabonyeza mahali pa kusasisha. Simu ikajibu kwamba nafasi haitoshi, afute vitu asivyovihitaji. Akafungua orodha ya vitu vilivyojaza simu. Hakugusa mchezo wake. Aliona folda moja kubwa kuliko zote, imejaa vitu vyenye majina ya namba na herufi zisizosomeka kuwa neno lolote. Alidhani ni takataka za simu. Sauti za Bibi, kwa jinsi alivyoelewa yeye, zilikaa ndani ya ile programu ya kijani, salama. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Ikafuta.

Akarudi kusasisha. Safari hii nafasi ilitosha. Duara dogo likazunguka, likazunguka, kisha yakaja maneno mengine: simu hii haipokei tena matoleo mapya.

Kasuku alibonyeza mara nyingi, akazima simu na kuiwasha. Haikubadilika. Ndipo akairudia ile folda, akasoma jina lake lote badala ya herufi za mwanzo tu. Lilikuwa na neno "sauti" mwishoni. Ndani hapakuwa na kitu.

Alitoka, akamrudishia Babu simu yake kwa mikono miwili.

"Bado mtandao," akasema.

"Basi tungoje," Babu akasema. "Tulikuwa tukingoja barua zamani, itakuwa mtandao?"

Babu akangoja kweli. Hicho ndicho kilichomtesa Kasuku kuliko kama angegombezwa. Kila alipofungua duka alibonyeza ile alama ya kijani, akaiweka simu sikioni, akasikiliza kimya. Akaihamisha kutoka mezani hadi dirishani. Akawauliza wapita njia kama mtandao wao upo, nao wakamwambia upo, akashangaa kwa nini wake unambagua.

Mwoka Mikate alikuja kuulizia suruali, mikono yake ikiwa bado na unga.

"Fundi wangu, hii ya kiraka itanipasukia mbele ya wateja."

"Vipimo vyako ninavyo," Babu akamjibu. "Namngoja mke wangu aniambie."

Mwoka Mikate aliangalia chini. Aliaga kwa adabu na kuondoka. Kasuku, aliyekuwa akitunga uzi, alijichoma kidole, na hakuhisi.

Halafu ikaja siku ya manyunyu. Kasuku alikuwa akirudi kutoka shuleni, amejifunika mkoba kichwani, alipomwona mzee mmoja amesimama upande wa pili wa barabara, mahali palipoinuka. Mguu wake mbovu ulikuwa ndani ya dimbwi. Shati limemgandia mgongoni. Mkono mmoja ameunyoosha juu kabisa, na mkononi ameshika simu, akiigeuza taratibu huku na huku. Watoto wawili walisimama wakimcheka. Alikuwa Babu yake.

Kasuku alivuka barabara bila kuangalia, mpaka mwendesha baiskeli akamtukana.

"Babu, shusha mkono. Twende nyumbani."

"Subiri kidogo. Wameniambia hapa juu unapatikana."

"Si mtandao, Babu." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Si mtandao. Simu imeandika siku nyingi kwamba itaacha kufanya kazi kwa sababu ni ya zamani. Yale hayakuwa matangazo. Nilikudanganya. Nilitaka kucheza."

Babu aliushusha mkono polepole.

"Na sauti?" akauliza.

"Nilizifuta. Sikujua kama ndizo. Nilitaka kuirekebisha usijue."

Babu hakumpiga, wala hakumgombeza. Aliifuta simu kwenye shati lililolowa, jambo lisilosaidia kitu, akaiweka mfukoni, akatembea kuelekea nyumbani. Kasuku alimfuata nyuma. Walipofika, Babu alikifunika cherehani chake kwa kitambaa, kama alivyofanya siku ya mazishi, akaingia chumbani kwake.

Mama alipopata habari alikaa kwenye benchi la wateja bila hata kuvua viatu vya kazini.

"Sikuchapi," alimwambia Kasuku baada ya muda. "Ningejua fimbo inarudisha sauti ya mama yangu, ningekuchapa mpaka nichoke. Maana alikuwa mama yangu, unajua? Mimi nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani Babu yako akimfungulia, nami nakunja nguo huku, najifanya sisikii."

Kasuku hakuwa amelijua hilo. Alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Kesho yake Mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda kwa fundi simu. Fundi alikuwa dada mmoja mpole, meza yake imejaa simu zilizofunguliwa mgongo, na skrubu ndogondogo amezipanga kwenye kifuniko cha chupa. Alimsikiliza Kasuku mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaunganisha simu na kompyuta yake kwa waya, akajaribu njia moja, akajaribu na nyingine. Wateja walikuja wakaondoka. Mwishowe akauchomoa waya.

"Hazirudi," akasema. "Samahani, mama. Nimejitahidi."

"Kwani simu kuzeeka ni kosa?" Mama akauliza kwa uchungu. "Inawaka, inapiga, inapokea. Kwa nini waifungie?"

"Si kosa, mama. Watengenezaji hufika mahali wakaacha kuzihudumia simu za zamani, na wenye programu nao wakaziacha. Inawauma wengi, hapa naletewa kila siku. Ila huwa wanatoa taarifa kabla." Alimtazama Kasuku, akapunguza sauti. "Mdogo wangu, ungeileta siku yoyote maandishi yale yalipokuwa yakitokea, ningezihamishia sauti zote kwenye simu ya mama yako ukiwa umekaa hapo hapo ulipo. Hata ilipojifunga, zilikuwa bado zimo. Kilichozimaliza ni kule kufuta."

Wakashika njia ya nyumbani. Kasuku aliwaza kitu kimoja tu. Bibi alikuwa mwongeaji, jamani. Mtu aliyeongea kiasi kile hawezi kuwa ameongea ndani ya simu moja peke yake. Alipofika nyumbani alibadili nguo, akamwomba Mama ruhusa, akaenda kwa wateja, nyumba hadi nyumba.

Haikuwa kazi nyepesi, maana kila mlango alilazimika kueleza kwa nini anauliza, na kueleza ilikuwa kusema alichokifanya. Wengine walimhurumia. Mama mmoja alimwambia wazi, "Wewe mtoto umefanya jambo baya," na Kasuku akaitika, "Ndiyo, mama." Karibu wote walimpa jibu moja, kwamba Bibi alikuja, akawapima, akawachekesha, akatuma sauti kwa mumewe, hakuwa na sababu ya kuwatumia wao. Aliendelea hivyo kila alipotoka shuleni, na kila jioni alirudi mikono mitupu, huku cherehani kikiwa bado kimefunikwa. Babu aliitikia salamu, akala kidogo, akarudi chumbani kwake.

Kasuku alimwacha Mwoka Mikate awe wa mwisho, kwa sababu kwake ndiko alikoona aibu zaidi. Alimkuta akitoa mikate kwenye tanuri kwa koleo refu la mbao. Kasuku alisema yote huku joto likimpiga usoni. Mwoka Mikate aliegemeza koleo ukutani.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza."

Akaosha mikono, akaikausha, akatoa simu yake kwenye kabati mbali na unga. Alishuka kwa kidole, akashuka, akashuka, mpaka Kasuku akaanza kukata tamaa.

"Siku moja chaji ilimwishia," Mwoka Mikate akasema. "Akaniambia nipe yako nimtumie mzee wangu. Hii hapa. Sikufuta, sijui kwa nini. Mimi sifuti kitu, mvivu tu."

Akabonyeza. Bibi akasema, "Fundi." Kasuku akakaa chini palepale, kwenye gunia la unga.

Walimpitia Mama, kisha wakaenda kwanza kwa fundi simu, akaihifadhi sauti ile kwenye simu ya Mama na mahali pengine pawili. Jua lilikuwa linatua walipoingia kwenye chumba cha mbele, Kasuku, Mama na Mwoka Mikate mwenyewe, aliyekataa kubaki nyuma. Babu aliketi pembeni mwa cherehani. Mama alimwekea simu kwenye kiganja, akabonyeza.

"Fundi," Bibi akasema, na nyuma yake mlango wa tanuri ukagonga, "usishangae, hii ni simu ya Mwoka Mikate, yangu imekata roho. Sasa andika kichwani. Kiuno arobaini na mbili. Alivuta pumzi ndani, nikamwambia atoe, suruali haivai pumzi. Urefu arobaini na moja. Mapajani mwachie nafasi, anainama kutwa nzima. Halafu usikate leo, jua linazama, na macho yako hayo. Kata asubuhi. Haya, nakuja nyumbani."

Ikaisha. Mwoka Mikate alianza kucheka ile ya pumzi, akakatisha, akatoka nje. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Babu hakuirudia. Aliiweka simu mezani, akamwita Kasuku akae karibu naye.

"Umezunguka sana," akasema. "Nimeambiwa. Kila mlango ulijisema mwenyewe."

"Nimepata moja tu, Babu."

"Moja si haba. Lakini nataka nikuambie kilichoniuma, ili usidhani ni simu. Simu ilikuwa mzee mwenzangu, ingekufa tu. Ungenisomea yale maandishi siku ya kwanza, fundi angezihamisha. Na hata kama asingeweza, ningekaa hapa nikazisikiliza zote, moja moja, nikijua kwamba naaga. Mtu akikuletea habari mbaya mapema, amekupa muda wa kufanya kitu. Wewe ulikaa na muda wangu mfukoni, nawe hukuwa na la kuufanyia. Tena ukaongeza uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza, na huo wa pili ndio uliofuta. Umenielewa, mjukuu wangu?"

"Nimeelewa, Babu." Kasuku alijifuta pua kwa mkono. "Umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale kwenye manyunyu, uliposema si mtandao. Kusema vile mbele ya mtu unayempenda ni kazi ngumu, nami niliiona. Ila kusamehewa hakumrudishi bibi yako kwenye simu. Msamaha umeupata. Sauti zile hatuna, mimi na wewe na mama yako. Tutakaa hivyo."

Kasuku aliinamisha kichwa begani kwake, wakakaa.

Baadaye Babu aliinuka, akakifunua cherehani. Akakitandaza kitambaa cha kijivu mezani, akakilainisha kwa viganja, akachora mistari ya kiuno na ya mapaja. Kisha akauchukua mkasi. Alitazama mlangoni, ambako mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu juu ya mapaa ya nyumba, akasimama hivyo kwa muda, mkasi ukiwa wazi mkononi.

"Tutakata asubuhi," akasema, akaurudisha mezani.